Nani Aliiba Asali

Mkaguzi wa shule, Mzungu wa soksi ndefu na akili fupi, alikuja siku ile kuamua kama tungepewa darasa la tano. Bila darasa hilo, watoto wangu wa la nne wangeishia kuchuma kahawa kwenye mashamba yaliyotuzunguka kutoka Ruiru hadi Thika. Alikuja na hadithi yake mfukoni. Aliniamuru niisome kisha niongoze mazungumzo, maana huko kwao, alidai, mtoto mwerevu hujulikana kwa kusema anachofikiri.

Hadithi yenyewe ilikuwa upuuzi mtupu. Mtungi wa asali umeibwa. Washukiwa ni majirani watatu, na mmoja wao ana asali ndevuni na nyuki wanamfuata. Hata mbuzi angemtambua mwizi. Nikaisoma, nikauliza, "Haya, nani aliiba asali?"

Darasa zima likainama kutazama sakafu ya udongo.

Nilijua mara moja kwamba tumekwisha. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Kule kijijini, tulikozungushiwa handaki na seng'enge, maswali ya namna hiyo hayakuwa mchezo. Watu walipangwa mstari, akaletwa mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akaitikia kwa kichwa mbele ya huyu na yule kuwataja kuwa waasi, nao wakapakiwa lorini kwenda kizuizini. Baba wa msichana wa dawati la mbele aliondoka hivyo. Watoto wa kwetu walifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kunawa mikono.

Mkaguzi hakuyajua hayo, wala hakuwa na haja ya kuyajua. Mtu aliyejaa majibu hana nafasi ya kuuliza. Akanisogeza kando kama kiti, akamwelekezea yule msichana kidole.

"Wewe, toto! Nani naiba asali? Sema!"

Msichana akasimama, mikono nyuma. "Sisi hatukuwepo, bwana."

"Lakini wewe nasikia hadithi!"

"Nilikuwa nimelala, bwana."

Bwana mkubwa akacheka mpaka kiko kikamponyoka mdomoni. Akanitangazia, mbele ya watoto, kwamba vichwa hivi havifikiri, na darasa la tano hapa ni hasara tupu. Akaondoka na hadithi yake. Nilimchukia.

Jioni nyanya wa msichana, cucu kama tumwitavyo kwetu, alipita shuleni akitoka kazi ya lazima, jembe begani.

"Mwalimu, darasa tumepata?"

"Hatukupata, cucu." Nikamsimulia yote, nikijiandaa kwa matusi, kwani mjukuu huyo ndiye tegemeo pekee alilobakiwa nalo.

"Mjukuu wangu alimtaja mtu?"

"Hakumtaja."

"Hata Mzungu alipomuuliza?"

"Hata Mzungu alipomuuliza."

Akatua jembe chini, akashusha pumzi.

"Basi huyo amesoma."