Gari Nililoliogopea Tope

Ipo asubuhi moja ya mvua ambayo naikumbuka vizuri, mwanangu, mimi ambaye siku hizi nasahau hata nilipoiweka miwani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama yangu, kijijini Heru Juu, nikilitazama gari langu jekundu chini ya turubai, kisha nikilitazama tope la barabarani. Kuna mzee alikuwa ananisubiri njia panda ya Makere, na nilikuwa nimemwahidi. Nitakueleza yote, ila nivumilie, maana mgongo hauniruhusu kukaa na kalamu muda mrefu.

Nimesikia umenunua gari la zamani. Tena la milango miwili, la mbio, na kila Jumapili uko chini yake umelala chali. Sikukatazi. Nikukataze kwa mdomo gani? Ugonjwa huo niliuugua mimi kabla hujazaliwa, na niliuugua mahali ambapo hata pikapu za serikali zilikuwa zinalala njiani.

Langu lilikuwa la mkandarasi mmoja wa Kizungu aliyekuja kutujengea barabara. Sijui alilileta kwa akili gani, kwa sababu barabara zenyewe alikuwa hajazijenga bado. Lilimshinda, mkataba ukaisha, akaondoka. Likabaki uani kwa Bwana Seif, mwenye duka la vitambaa pale Kasulu mjini. Nilipoliona mara ya kwanza kuku walikuwa wanataga kwenye siti ya dereva, na milango ilikuwa imeliwa na kutu hadi ngumi inapita. Mtu mwingine angeona banda la kuku. Mimi niliona gari la mbio.

Bwana Seif alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye maneno laini. Akacheka sana. "Kijana, lichukue tu. Lakini likikushinda usinirudishie, maana kuku wangu nitakuwa nimeshawahamisha."

Sikutaka la bure, nikampelekea maharage yangu ya msimu mzima, trekta likalivuta hadi nyumbani. Mama alitoka jikoni, akalizunguka mara moja, akashika kiuno. "Mwana wanje, mwanangu," akasema, "umeleta gari au umeleta jeneza?"

Mwaka mzima nililala na kuamka na lile gari. Nilikuwa fundi wa gereji, injini nilikuwa naijua. Kabureta niliisafisha kwa unyoya wa kuku, gasketi nilizikata mwenyewe kwa mkasi, springi nilizitoa kwenye pikapu iliyokufa Kakonko. Siku injini ilipowaka nilikimbia uwanja mzima nikipiga kelele, na majirani wakadhani nimefiwa. Lakini bodi ilinishinda. Kunyoosha bodi ni kazi ya mtu mwingine kabisa, na Kasulu yote ilikuwa haina mtu wa kulirudishia gari lile umbo lake.

Ndipo nikasikia habari za Papa Wilondja.

Alikuwa mkimbizi, Mkongo, mtu wa Uvira, mzee mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Vita vilipoingia kwao alivuka ziwa na nyundo zake tatu kwenye mfuko. Kambi yao ilikuwa ndani kidogo kutoka barabara ya Makere. Wakimbizi walikuwa hawaruhusiwi kutoka bila kibali, kwa hiyo gari lisingeweza kufuatwa na fundi. Nikaanza kumpelekea vipande. Nilifungua mlango mmoja, nikaufunga nyuma ya baiskeli, nikaendesha hadi kambini. Wiki iliyofuata mlango wa pili. Boneti ilipofika zamu yake upepo uliishika, tukaingia mtaroni mimi na baiskeli na boneti, na wanawake waliokuwa wanatoka shamba wakaacha majembe yao ili wacheke vizuri.

Papa Wilondja aliupokea ule mlango wa kwanza kwa mikono miwili. Akaupapasa, akaugonga kwa kidole hapa na pale, akisikiliza. "Hii karosri itapona, mutoto," akaniambia, maana bodi ya gari wao huiita karosri. "Iko mugonjwa tu, haijakufa."

Nikamuuliza anataka nini kwa kazi yake. Akatikisa kichwa.

"Makuta, ile pesa, bakia nayo. Mi niko na mutoto wangu wa kike, jina yake Furaha. Tulipoteana siku ya kukimbia. Sasa barua imenifikia, iko kambi ya kule Kibondo, na bwana yake wa Burundi. Amezaa. Huyo mujukuu sijamuona. Siku gari yako itatembea, utanipeleka. Ni hiyo tu."

Nikamwambia, "Papa, wewe ndiye utakuwa abiria wa kwanza." Nilisema kwa moyo wangu wote, mwanangu. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo, kwamba siku ile nilikuwa sidanganyi.

Kwa miezi mingi alifanya ile kazi. Alikata mabati ya mapipa ya mafuta, akayapiga kwenye gogo mpaka yakajikunja yalivyotakiwa, akachomelea, akasugua kwa msasa na maji. Kila nilipofika alinionyesha alipofika, kisha ananiuliza kama barabara ya Kibondo ni nzuri, kama kwa gari la mbio mtu anaweza kwenda na kurudi siku mbili. Nilimwambia anaweza. Mzee akamwandikia Furaha barua nyingine, akaituma na mtu aliyekuwa anapeleka maharage Kibondo, akamweleza kwamba anakuja, na anakuja na gari jekundu.

Rangi niliipaka mwenyewe. Usiniulize niliipata vipi ile rangi. Nilipomaliza, lile gari liling'aa kiasi kwamba mama aliacha kusema habari za jeneza, akawa anajitazama kwenye mlango akifunga kilemba. Watu walitoka hata Kasulu mjini kuja kuliona. Nami kichwa kikavimba. Katekista wetu alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, akaniomba gari limbebe bibi harusi. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Wiki hiyohiyo kibali cha Papa Wilondja kikatoka. Siku tatu, zimeandikwa tarehe na kupigwa muhuri: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Hesabu ikakaa vizuri. Tungekwenda Alhamisi, turudi Ijumaa, na Jumamosi niwahi harusi.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mvua ikanyesha.

Sasa turudi pale mlangoni nilipokuacha. Unalijua tope letu, ule udongo mwekundu unaopanda kwenye gurudumu mpaka gurudumu haligeuki. Gari langu lilikuwa limekaa chini mno, ukiweka chungu chini yake hakipiti. Lakini nikuambie ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwonea haya: lingepita. Polepole, kwa kusukumwa mahali pawili patatu, lingepita. Nilikuwa nimeshalipitisha pabaya kuliko pale kabla halijapakwa rangi. Nilichokiogopa ni mawe kuchuna milango na matope kukauka juu ya wekundu ule siku mbili kabla ya harusi. Nikalifunika turubai vizuri. Nikaoga, nikachukua baiskeli.

Nilimkuta njia panda saa nne. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kwenye kifurushi chake kulikuwa na gauni dogo la manjano alilomshonea mjukuu. Lori la abiria la Kibondo lilikuwa limeshapita asubuhi. Lilisimama, wakamwita. Akawaambia asante, ana gari lake linakuja.

"Papa," nikasema, "injini imegoma kuwaka."

"Pole, mutoto. Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Nimehangaika nayo mpaka nimechoka."

"Nikuje niiangalie? Kibali niko nayo."

"Hapana, Papa. Inataka spea. Mpaka wiki ijayo."

Mzee akanyoosha mkono, akaushika wa kwangu kama anayetaka kunisalimia, akaugeuza kiganja juu. Akautazama muda mrefu. Kucha zangu zilikuwa nyeupe, mwanangu. Nilikuwa nimezisugua kwa sabuni ya kufulia, najiandaa na harusi.

"Mikono yako iko safi," akasema.

Akauachia mkono wangu taratibu, akachukua kifurushi, akarudi kambini kwa miguu, anaruka madimbwi ili asichafue suruali. Nilitamani anitukane. Mimi ni mtu wa hasira, na mtu wa hasira akitukanwa hupata pa kushikia. Yeye hakunipa chochote.

Ijumaa mvua iliendelea na lori halikupita. Jumamosi jua likatoka, nikambeba bibi harusi. Gari lilikuwa na siti mbili tu, kwa hiyo bwana harusi alikuja nyuma yetu kwenye pikapu, amesimama na wanakwaya, tai imemrukia begani. Watu walipiga vigelegele barabara nzima. Nilipiga honi, nilitabasamu, nilipigwa picha. Na muda wote huo nilikuwa najua kwamba saa ya kibali cha mzee wa watu inaishia palepale ninapopigia honi.

Wiki tatu zilipita kabla hawajampa kibali kingine, maana walitaka kujua kwa nini cha kwanza hakukitumia. Sijui aliwajibu nini. Barabara ikakauka, nikamfuata na gari. Alipanda. Njiani aliongea mara moja tu, aliponionyesha mti wenye nyuki.

Kule kambini Kibondo tuliulizia hadi tukafika. Nyumba ilikuwa ya udongo, turubai la juu limeshaondolewa, ndani kuna mbuzi wa mtu. Mama mmoja Mrundi alitoka nyumba ya jirani akifuta mikono.

"Baragiye," akasema. Wameondoka. Akatueleza kwa Kiswahili cha kutafuta maneno kwamba mume alitaka kurudi kwao, upande wa Ruyigi, lakini mlima gani, maana kwa Warundi kijiji ni mlima, yeye hajui. Waliondoka na magari ya kuwarudisha watu. Leo ni siku ya tisa.

Kisha akalitazama gari, akamtazama mzee.

"Ni wewe baba yake? Alikuwa anakungoja. Kwenye orodha ya kuondoka alitoa jina mara mbili, akasema baba anakuja na gari nyekundu. Mara ya tatu bwana yake akakataa."

Papa Wilondja aliuliza mtoto anafananaje. Yule mama akamwambia ana paji pana kama lake, anacheka ovyo. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeletewa habari njema. Halafu akakaa chini pale mlangoni penye mbuzi. Nikalia mimi. Yeye hakulia.

Tukarudi. Nilimwomba msamaha tukiwa njiani, nikamweleza yote, mvua, rangi, harusi. Akasema amenisamehe, na nadhani alinisamehe kweli, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno ya bure. Haikunisaidia chochote. Nilipomshusha pale kambini alifunga mlango kwa uangalifu, mlango alioufufua yeye mwenyewe, akainama dirishani.

"Gari yako inatembea muzuri, mutoto. Hata ile siku ingetembea."

Miaka ilipopita akavuka ziwa kurudi kwao. Kama alimpata Furaha, sijui. Nimeuliza Warundi wengi wanaokuja gulioni, wengine wa Ruyigi kabisa, na kila mmoja ananiuliza mlima gani. Gari nililiuza mwaka uleule wa harusi. Aliyelinunua aliisifu sana rangi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami naisema mara moja kwa sababu nimechoka na wewe una kazi zako. Lipende gari lako, lisugue, lipake rangi uitakayo. Lakini ukimwahidi mtu safari, siku ikifika liingize kwenye tope. Likichunika, lichunike. Likikwama, shuka usukume. Na kama unaogopa, mwambie mtu wako unaogopa, mapema, lori la abiria likiwa bado halijapita, ili aweze kupanda. Usimzuie mtu njia panda kwa neno lako halafu ukamjia na uongo. Mlango uliochunika nimeutengeneza mara nyingi maishani. Ile Alhamisi hakuna fundi aliyewahi kunitengenezea.

Mungu akubariki, mwanangu. Akulinde wewe na mikono yako ukiwa chini ya hilo gari. Akupe watu wa kuwapeleka wanakokwenda, na uwafikishe wakiwa bado wanangojwa.