Siku Niliyotangaza Ng'ombe wa Watu Mashuuru

Hii nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke kwa adabu, maana mpaka leo nikishuka Mashuuru kuna akina mama wananiita Spika, na si kwa heshima ya bunge.

Mnajua kazi yangu. Kampuni yetu iko Kitengela, ni ndogo (ofisi iko Noonkopir juu ya duka la mitumba, mteja akija tunagonga sakafu ili wa chini wapunguze redio), lakini mwaka huu tulipata kitu kikubwa: mitambo ya majaribio ya mtandao wa kizazi kipya, ule wenye akili, ambao antena yake haimwagi mawimbi ovyo kila upande bali inajifunza watu na mifugo wako wapi na kuwaelekezea, na wakilala nayo inalala ili isimalize betri ya sola. Huko Mashuuru kuna sehemu watu bado wanapanda kichuguu ndio wampigie daktari wa mifugo simu. Nikasema tutaanzia hapo. Bosi akasema nitashindwa. Mimi ukiniambia nitashindwa ni kama umeniwekea mafuta.

Shida ilikuwa moja: mlima unaofaa ulikuwa kwenye shamba la Mzee ole Parsaloi, na bila huo mlima mitambo ingepelekwa kaunti nyingine na mimi nirudi kufunga intaneti kwenye fleti za watu. Mzee hakukataa. Alisema kwanza aone. Akaturuhusu kuwavisha ng'ombe wake wote, hata walio nje ya boma, mikanda ya shingo yenye kifaa kidogo kinachowasiliana na antena, ili mmoja akipotea ijulikane aliko, kisha akaita mkutano ili kila mtu ashuhudie.

Siku hiyo mwenzangu Nasieku, mtoto wa hapo hapo Mashuuru, alikuwa mlimani ameshikilia antena ya muda isiangushwe na upepo. Nikabaki peke yangu kwenye hema, mbele ya wazee, akina mama, chifu na pasta. (Na mimi Fardosa ni binti wa mfanyabiashara wa mifugo, kwetu baba akitoka sokoni tulimuuliza "wangapi?" kabla hajavua viatu, kwa hivyo nilijiona najua mambo ya ng'ombe kuliko wenyewe.) Nikaeleza vizuri, wallahi, watu wakatikisa vichwa, lakini sauti ya simu yangu, ambamo programu yetu husoma taarifa ya mifugo, ilikuwa ndogo na upepo ulikuwa unaimeza yote, nikaona spika za kanisa ziko pale pembeni, kubwa, tayari zimewashwa, nikajiambia si nichomeke tu waya kila mtu asikie.

Uamuzi wenyewe ndio huo. Waya.

Nikabonyeza. Spika zikanguruma mpaka sokoni: "Boma la ole Parsaloi. Jumla ya ng'ombe ni..." na ikataja. Idadi sitairudia hapa, nimeshaadhibiwa vya kutosha. Mama mmoja akaziba mdomo kwa shuka. Mimi nikadhani wamevutiwa (nilitabasamu, jamani, nilitabasamu!), na ile sauti ikaendelea: "Walioko nje ya boma..." ikaanza kutaja ng'ombe ambao mzee amewapa marafiki zake wamtunzie, huyu yuko kwa fulani ng'ambo ya mlima, yule yuko kwa fulani. Mwanamume mmoja nyuma akasimama.

"Shemeji! Si ulisema kiangazi kimekumaliza? Mimi niliomba mtamba mmoja tu!"

Watu wakalipuka, wengine kwa kicheko, wengine kwa hasira, na hapo ndipo akili ya mtandao wetu iliponimaliza kabisa, kwa sababu nilikuwa nimeipanga kwa mikono yangu hii kwamba ikisikia kelele irudie ujumbe kwa sauti kubwa zaidi. Ikarudia. Kelele zikaongezeka, nayo ikaongeza. Vidole vimejaa jasho, simu haifunguki, nikauvuta waya kwa nguvu zangu zote, waya ukaja na meza, meza ikaja na birika, na chai ikaenda kwa pasta.

Mzee ole Parsaloi akainuka. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nakerai," akaniambia, kama mtu anayeongea na mtoto wake, "ng'ombe wangu umewasoma kama matangazo ya vifo redioni. Ondoa vyuma vyako mlimani kwangu."

Akashika fimbo yake akaenda, na nusu ya mkutano ikamfuata. Nasieku akashuka mbio, pumzi juu.

"Fardosa! Mifugo haihesabiwi mbele ya watu! Ukitaja idadi ni kama unawaita wapungue. Hata watoto hatuwahesabu hivyo."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje utawapeleka kwa spika za kanisa?"

Bosi alikuwa ameshasikia (mtandao haupo, lakini habari zilifika), akapiga simu nikiwa juu ya kichuguu: funga virago urudi. Nikamwambia sirudi. Nilikuwa na aibu mpaka masikio yanawaka, ila niliona wazi kwamba kosa halikuwa la mawimbi, lilikuwa la mdomo, na mdomo niliutengeneza mimi. Nikalala kwa mamake Nasieku, nikaikalisha ile programu chini nikaifundisha adabu: isitaje idadi kamwe, isitangaze mfugo wa mtu uko kwa nani, iseme tu kwamba wote wamefika, au itaje rangi ya aliyekosekana, tena kwa sikio la mwenye boma peke yake.

Nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda. Mara ya kwanza mzee alisema hayupo (alisema mwenyewe, nilimsikia). Nikarudi. Akapokea sukari, hakunipokea mimi. Nikarudi tena, jioni, mifugo ikiingia bomani.

"Takwenya," akanisalimu hatimaye kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia, kama Nasieku alivyonifundisha.

Nikampa simu aiweke sikioni mwenyewe. Akasikiliza, akatazama lango, akanirudishia simu. Tukanywa chai. Kisha, kama mtu anayepitisha wakati tu, akaniuliza, "Nyumbani kwa mama yako, mmezaliwa wangapi?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza pamoja na chai ya moto, ikaniunguza mpaka machozi.

"Tupo, mzee," nikasema. "Tunamshukuru Mungu."

Alicheka huyo mzee mpaka akakohoa, mpaka wake zake wakatoka kuangalia. "Kesho leteni mlingoti," akasema. "Na shemeji yangu asisogee karibu nao."

Basi mimi nimeapa: siingii tena kwa mtu na mtambo kabla sijauliza ni nini hakisemwi nyumbani kwake, na waya wa spika sitaugusa hata arusini kwangu. Mtandao unafanya kazi, kichuguu kimepumzika, na bosi, ambaye anapenda ripoti, bado ananipigia kuniuliza kule Mashuuru wamejiunga watu wangapi.

Namwambia: wapo.