Ugonjwa Wangu wa Kombewa

Nilipoolewa na kuhama Tabora, sikuwa na hofu. Mume wangu ni Mjaluo na Kijaluo sikukijua, lakini Kenya wanasema Kiswahili, na Kiswahili nilikuwa nacho cha kutosha na kubaki.

Siku ya tatu mume wangu alirudi Muhoroni, anakoendesha trekta la miwa, akaniacha kwa mama yake kijijini Kombewa. Asubuhi nilipiga goti mbele ya mama mkwe. "Shikamoo, Mama."

"Mzuri," akajibu, akichungulia sakafuni. "Umeangusha nini?"

Akanituma dukani. "Samahani, naomba unga kilo mbili," nikasema. Mwenye duka aliacha kupanga sabuni, akanitazama kwa huruma. "Pole, Mama. Hapa tunauza."

Mchana mama mkwe aliniwekea ugali kama kichuguu na samaki mzima. Nikala matonge manne, nikashiba, nikamshukuru kwa sauti ya chini kama nilivyolelewa. Alinishika paji la uso. Kwa hesabu yake, magoti yananilegea, sauti haitoki, chakula hakipiti.

"Mtoto yangu, wewe uko mgonjwa."

"La, Mama, niwie radhi. Mimi sijambo."

"Kama kuna jambo, twende," akasema, na tayari alikuwa anajifunga leso.

Kwenye zahanati alimweleza nesi dalili zangu zote kwa Kijaluo, akionyesha kwa mikono jinsi nilivyoanguka magoti. Nesi akanigeukia. "Unasikia uchungu wapi?"

"Sisikii uchungu popote, Dada. Naomba tu unisaidie kumweleza Mama kwamba mimi ni mzima wa afya, na ninamshukuru mno kwa mapokezi yake."

Nesi aliweka kalamu chini. "Umetoka wapi?"

"Tabora."

Akamgeukia mama mkwe. "Mama, huyu hana ugonjwa. Ni Mtanzania."

Mama mkwe alifikiri kidogo. "Hiyo iko na dawa?"

"Hapana. Atazoea tu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nikacheka nao, lakini tulipofika nje machozi yakanitoka. Nilikuwa nimekuja na kitu kimoja tu nilichokiamini, na hata hicho kilikuwa kimenifikisha kwa nesi. Mama mkwe alinishika mkono kama mtoto, tukarudi kwa miguu, akinifundisha njiani.

"Sema: leta maji."

"Leta maji, tafadhali."

"Toa hiyo ya mwisho."

Ilinichukua hadi karibu na nyumbani kuitoa.

Siku hizi tunaishi mtaa wa Nyalenda, ninashona nguo, na wateja wakichelewa kuzichukua nawafokea kwa Kijaluo. Mama mkwe akija mjini huja na wenzake wa kanisani. Hunikalisha katikati yao, huwaambia wanyamaze, kisha hunigeukia na kuniambia, "Haya. Ongea ile ya kwenu."