Nani Aombe Radhi kwa Sharmula

Shedlia wa mtaa wetu pale mjini Sfaksi hushona mapazia, na kichwani mwake hakai peke yake. Daktari alimweleza alipokuwa mtu mzima: utotoni yalimkuta mambo mazito kuliko mtoto awezavyo kubeba, akagawanyika ili yabebeke. Yupo Radhia, mpole, anayeomba radhi hata kwa paka. Yupo Sahbi, mwenye ulimi mkali. Mmoja wao akishika usukani, Shedlia hulala kabisa. Siku nzuri husikia kidogo, kama redio ya jirani kupitia ukutani.

Mwaka ule, Ramadhani ikielekea mwisho, jirani yake Monjia alinuna. Wawili hao kila mkesha wa Idi hupika pamoja sharmula, mchuzi mzito wa vitunguu na zabibu wa kulia samaki wa chumvi asubuhi ya sikukuu. Shedlia hana ndugu. Akiikosa sufuria ile, Idi yake ni ya kutazamana na ukuta.

Siku ya mkesha akamuuliza ngazini, "Mwenzangu, umenuna nini?"

"Unaniuliza wewe? Si ulisema sharmula yangu ni gundi ya viatu?"

"Mimi? Sijasema."

"Na jana ukaja kuniomba radhi, ukalia mpaka mtandio wangu ukalowa. Leo hujasema?"

Hapo Shedlia akaelewa. Akamweleza kwamba aliyetukana ni Sahbi, aliyelia ni Radhia, na yeye mwenyewe hakuwepo mara zote mbili.

Monjia akashika kiuno. "Kwa hiyo nimemsamehe mtu asiye na kosa?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi msamaha wangu naurudisha. Mlete mwenye kosa."

"Sahbi haitwi kama fundi bomba, dada. Anakuja akitaka."

"Atanikuta jikoni. Wewe njoo umenye vitunguu."

Walipomaliza kufuturu wakainjika sufuria. Monjia alikuwa akiuchungulia uso wa mwenzake kila mara, kama mtu anayechungulia mkate tanurini. Vitunguu vilipoanza kuwa vyekundu, Shedlia akajinyoosha. Mabega yakapanda. Mwiko ukahamia mkono wa kushoto.

"Sahbi?"

"Ulimtaka nani?" Sauti ilikuwa nzito.

"Haya, bwana. Omba radhi."

"Siombi. Ulimwambia Shedlia aache maigizo, eti daktari anamdanganya tu. Akalia. Nami nikatafuta neno litakalokuuma kuliko yote."

"Nilisema hivyo? Lini?"

"Siku mliyofua mazulia, juu ya paa."

"Mimi sikumbuki."

"Ona sasa," alisema Sahbi. "Kwani na wewe humo kichwani mko wangapi?"

Monjia akaketi juu ya ndoo. Kumbukumbu ikamjia taratibu: kamba, zulia linalochuruzika maji, uso wa Shedlia ukigeukia kando.

"Nisamehe basi."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

"Niitie."

"Mimi si tarishi."

Basi Monjia akabaki anakoroga, msamaha mdomoni, akimsubiri mtu aliyesimama ubavuni pake. Sahbi akaonja, akaongeza mdalasini bila kuuliza. Zabibu zilipoanza kuvimba, mwiko ukarudi mkono wa kulia.

"Tumefika wapi?" akauliza Shedlia.

"Kwenye zabibu. Sikiliza, ile siku ya mazulia..."

"Nimesikia kidogo," alisema Shedlia. "Lakini sema tena, toka mwanzo. Nataka niwepo."