Do ya Jikoni

Ngiii. Ndivyo kilivyolia kichuma chake cha kutolea noti, chenye meno mawili kama uma, alipokigonga kwenye goti. Hata leo kijiko kikigonga glasi, mwili wangu husisimka.

Kila siku saa kumi jirani yangu, Mwalimu Gcinumzi, alirudi nyumbani, mtaani kwetu Ezibeleni, Afrika Kusini, akavua viatu asichafue zulia, akawapanga wanawe watatu sebuleni, mrefu nyuma, mfupi mbele. Kisha ngiii. “Do,” alisema, akitaka noti ya kwanza kama mtu anayeagiza faili.

Tuseme ukweli: hakuwa na sauti. Alikuwa na tai kumi na moja, vyeti saba vya kwaya ndani ya fremu, na kikohozi cha kusafishia koo kilichokuwa kirefu kuliko nyimbo zenyewe. Mtoto akicheka, adhabu. Akitikisa bega, adhabu. Upinde wa muziki wa mama yake Mwalimu, MaDlomo, ule wa waya na kibuyu aliokuwa akiupiga tangu usichana, Mwalimu aliupaka vanishi akautundika ukutani chini ya vyeti. Kibuyu akakifanya cha kuwekea funguo.

“Sasa angalau wageni wanauona, Mama.”

“Na mimi utanitundika lini?” MaDlomo akamuuliza.

Bibi akahamia jikoni na koo lake. Aliimba kwa namna ya wanawake wa kwao, sauti moja ikinguruma chini, nyingine ikipiga mluzi juu yake, zote kutoka kinywa kimoja. Khwezi, kitinda mimba wa miaka sita, alishinda humo akigonga vifuniko vya sufuria.

Sebuleni sasa. Ngiii. Kaka zake, Siyolise na Onke, walitoa do nyembamba kama uzi. Khwezi alitoa yake kutoka kifuani, nzito, ya kukwaruza.

“Hapana! Do!”

“Si ndiyo hiyo, Tata?” alimuuliza baba yake.

“Hiyo ni trekta.”

Miezi mitatu ikawa hivyo, mpaka siku aliyomwambia, “Una masikio ya kiazi wewe. Nenda jikoni kwa Makhulu wako.” Dirishani nilimsikia huyo Makhulu, bibi yake, akiuliza, “Kakufukuza?”

“Anasema sina masikio.”

“Mbona nayaona mawili? Njoo, shika kifuniko.”

Mwaka huo kwaya ya walimu wa wilaya ilikuwa ikitafuta kiongozi, na Mwalimu aliitaka nafasi ile kuliko chakula. Akamwalika MaMpinga, mwenyekiti wa kamati, aje Jumamosi anywe chai na kusikia jinsi muziki unavyolelewa katika nyumba ya heshima. Nami nilialikwa. Maana yake, vikombe vyangu vilialikwa.

Wavulana walisimama na tai zao. Mwalimu akakohoa, akainua goti, akagonga. Kichuma kikamponyoka, kikaingia chini ya kochi. Akakifuata kwa magoti, makalio yakimwelekea mgeni. Siyolise akaanza peke yake, Onke akaanzia kwingine, na wimbo ukaenda kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja.

Hapo ndipo jikoni kuliponguruma.

Kikombe cha MaMpinga kikasimama njiani. “Nani huyo?”

“Samahani sana. Ni yule wangu asiyesikia. Ngoja nifunge mlango.”

“Usifunge. Gonga hicho kichuma.”

Ngiii.

“Sikiliza, Mwalimu. Ni do yako hiyohiyo. Kaishusha tu, kaanzia chini kama waimbavyo bibi zetu. Nani kasema hasikii?”

“Ni Tata,” alisema Onke. “Alimwambia ana masikio ya kiazi, akamfukuza.”

MaMpinga alimtazama Mwalimu kuanzia tai mpaka soksi. “Mtoto anakupa ulichomwomba, unamfukuza. Kiazi ni nani humu?”

Akachukua chai yake akaenda jikoni, akakaa juu ya kreti. Wavulana wakamfuata, nami nikawafuata. Ningebaki nifanye nini, nisome vyeti? Tulikuwa huko saa nzima. Khwezi alinguruma, MaDlomo akampandia juu kwa mluzi, wavulana wakagonga kila kilichogongeka. Sebuleni Mwalimu alikaa na keki zake.

Langoni, akimsindikiza mgeni, Mwalimu hakuwa na haya ya kuuliza. “Na ile kwaya, MaMpinga?”

“Kwaya inataka mtu mwenye masikio. Tutaendelea kumtafuta.”

Nilibaki kuosha vikombe vyangu. Jua lilikuwa bado halijazama Mwalimu alipokuja jikoni, bila tai, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. MaDlomo hakugeuka. Khwezi alimpima kwa macho, kisha akamwonyesha nafasi kati ya friji na ukuta.

“Mrefu nyuma, Tata.”

Akaenda, akajibana pale. Mkono ukaingia mfukoni, nami nikajikaza kuisubiri ile ngiii. Mkono ukatoka mtupu. Akainama mpaka kinywa chake kikakaribia sikio la mtoto, lile la kiazi, na kwa sauti ambayo hata kikohozi hakikuitangulia akasema, “Nipe do, mwanangu.”