Mkungu wa Ndizi Uliokwenda Gachoka

Nilifunga safari kwa sababu ya mlango mmoja wa zahanati. Upo katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Gachoka, na anayeufungua kila asubuhi ni Wawira, muuguzi pekee wa pale. Alikuwa wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Hoja ya kuwaajiri wauguzi kama yeye moja kwa moja ilikuwa mbele ya kamati ya bunge la kaunti, na kura ingepigwa Jumanne. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mwakilishi wa wadi ileile ya Wawira, alikuwa hataki kuisikia. Akikataa, hoja inakufa na mlango unafungwa.

Njiru, katibu wa chama chetu cha wafanyakazi wa kaunti upande wa Embu, ndiye aliyenipigia simu. "Madam Karimi, nyinyi huko Meru mliweza hii maneno. Kuja utusaidie. Huyu mheshimiwa kwa ofisi hapatikani, na simu yangu siku hizi hashiki."

Sitajifanya mnyenyekevu. Kwetu mimi ndiye niliyeiongoza kazi hiyo, na nimewageuza wawakilishi wagumu kuliko huyo. Nikamwambia Njiru aweke chai jikoni.

Jumamosi asubuhi nikatoka Kanyakine na gari langu dogo, na kwenye buti nikalaza mkungu wa ndizi mbichi kutoka shambani kwangu. Haukuwa wa kumpa mheshimiwa. Chama chetu hakinunui mtu, na hata kingetaka, hakina cha kununulia. Ulikuwa wa kanisa la kijijini kwa Wawira, anakosali mheshimiwa. Kwetu mlimani, Jumapili baada ya ibada, mazao yaliyotolewa sadaka hupigwa mnada uani, na mwanasiasa hawezi kuuona mnada akanyamaza. Atanunua, kisha atampa mtu kilichonunuliwa ili aonekane mkarimu. Mpango wangu ulikuwa kwamba mheshimiwa aununue mkungu, nami nimwombe mbele ya watu ampe Wawira. Ukishampa mtu ndizi ukipigiwa makofi, utamfukuza kazi vipi Jumanne?

Kutoka Nkubu hadi Chuka barabara ni kona na mabonde, migomba na majani chai. Kwenye mteremko wa Nithi nilipunguza mwendo na kuomba, kama tunavyofanya sote tunaoijua kona ile na ajali zake. Embu mjini nikamchukua Njiru, tukashika njia ya Gachoka. Huko kijani kinakuachia mkono polepole. Udongo unakuwa mwekundu, mbuzi wanaongezeka, na joto linaingia hata ukifunga dirisha.

Tulilala kwa Wawira. Ni mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa, na chakula kilichelewa kwa sababu mama mmoja alimleta mtoto mwenye homa tukiwa tayari mezani.

"Ukiondoka, hawa wataenda wapi?" nikamuuliza aliporudi.

"Wataenda Gachoka kwa miguu," akasema. "Wenye wataweza."

Hapo sikuwa na hamu ya kutania tena.

Jumapili, kanisa lilijaa, na mheshimiwa alikaa mbele. Pasta alishatangaza kwamba madhabahuni hakuna siasa, kwa hiyo mheshimiwa alisalimia kwa mkono tu. Baada ya ibada tukatoka uani. Mzee wa mnada akauinua mkungu wangu kwa shida. "Hii imetoka Meru! Nani ataiacha irudi?" Mambo yakaenda kama nilivyopanga. Mheshimiwa akapandisha bei, wenzake wakachoka, akaupata.

Nikasogea mbele kwa madaha, lakini sikuwahi kufungua kinywa.

"Huyu mama ametoka mbali," mheshimiwa akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mgeni hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Mama Meru, hii mkungu nakurudishia. Safari njema!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Nilikuwa nimefukuzwa kwa heshima zote, na ndizi zangu mwenyewe! Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilitaka kuutaja mkataba wa Wawira palepale, lakini Njiru akanishika mkono. "Madam, ukiongea wewe, ni siasa ya chama. Utatuharibia."

Alisema kweli. Nikamwambia mzee wa mnada, "Narudisha kwa kanisa. Uza tena."

Mheshimiwa hakununua tena, maana angechekwa. Ndipo mwanamke mmoja mwenye umri, amevaa leso ya kijani kichwani, akafungua kitambaa chake na kutoa alichokuwa nacho. Wanawake wanaotibiwa kwa Wawira wakamfuata mmoja mmoja. Waliununua mkungu kwa bei ambayo hakuna aliyethubutu kuipandisha.

"Ni mama ya mheshimiwa," Njiru akaninong'oneza. "Wawira ndiye humpimia presha."

Mama yule akawaagiza vijana waupakie mkungu kwenye gari la mwanawe.

"Maitu, hii ni ya nini?" mheshimiwa akamuuliza mama yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Peleka nyumbani. Lakini hakuna mtu atavunja hata ndizi moja mpaka Jumanne upigie Wawira, daktari wetu, kura. Mimi naishi kwako, nitakuwa naziangalia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Alisimama akiutazama mkungu, kisha akafunga buti mwenyewe.

Jumanne, mjini Embu, mimi na Njiru tulikaa nyuma ya chumba cha kamati, nikiwa nimefinya mkoba wangu kama anayeogopa kuibiwa. Wanakamati waligawanyika sawasawa, ikabaki kura ya mwenyekiti. Mheshimiwa akakohoa, akatazama dari, akasema anaunga mkono, na hoja ikapita. Alipotupita kwenye korido alisimama. "Mama Meru, hizo ndizi zimeanza kuiva na mama hataki kuzigusa. Nyumba yote inanukia. Nimelala siku mbili na hiyo harufu!"

Nilirudi siku hiyohiyo. Njia nzima nilijiuliza ni nani aliyeshinda, maana si mimi niliyeshinda. Nilidhani mgeni mjanja anaweza kumbana mwenye nyumba uani kwake. Kumbe mgeni anaweza kumletea ndizi tu. Anayeweza kumnyima usingizi ni yule anayeamka naye nyumba moja na kumpigia kura.

Nilipofika Chuka simu ikalia. Nikaegesha kando. Alikuwa Wawira, na nyuma yake nilisikia watoto wakilia na wanawake wakiongea wote kwa pamoja.

"Madam, mama ya mheshimiwa ameleta mkungu wote hapa zahanati. Zenye zimeiva tunakula na wagonjwa."

Machozi yakanitoka, nami nikayaacha. Nikataka kumpongeza kwa maneno marefu, kama ilivyo desturi ya viongozi wa chama.

"Tutaongea jioni," akanikatiza. "Laini ya wagonjwa imefika hadi kwa geti."