Shamba la Kulungu

Mwambie Clothilde apakie maboksi mia nane kwa zamu moja pale ghalani, atapakia na kuuliza kama yamebaki mengine. Mwambie akae atulie, umemwonea. Mwanamke huyu wa Fizi, Kongo, miaka kumi na miwili sasa Haltom City, Texas, hata kanisani husimama kabla kwaya haijaitwa.

Basi mwezi wa tisa akapewa kazi ya kutulia. Mzee Wendell, mzungu anayesali naye, ana ranchi mwendo wa saa nzima nje ya Fort Worth, na alitaka kipande kimoja cha mteremko kiwe na malisho ya kulungu kabla ya msimu wa kuwinda. Ngano, shayiri na majani ya klova. Ila hakutaka ardhi ipinduliwe, maana alipolima kwa trekta mwaka juzi, mvua iliubeba udongo hadi mtoni. Nyasi alikwisha kuzipiga dawa zikakauka. Clothilde atupe mbegu humo humo, azilaze nyasi juu yake, kisha aende zake angoje mvua. Malisho yakichipuka vizuri, bonde la kando ya mto atalilima Clothilde mwenyewe, mahindi, maharage, lenga-lenga, ule mchicha wa kwao, chochote, mwaka hadi mwaka.

Bonde lile! Alilitamani hadi chakula hakipiti. Miaka yote hiyo alikuwa akilima ndoo tano kwenye kibaraza cha fleti.

Akatupa mbegu, akalaza nyasi, akaondoka. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwao, shamba lenye majani ni aibu. Mpita njia atauliza kama mwenyewe kafiwa. Kazini aliitazama hali ya hewa kwenye simu mpaka msimamizi akamkemea. Siku ya tano, jua. Siku ya nane, jua. Akilini aliwaona ndege wakidonoa, na kila punje waliyomeza ilikuwa ya bonde lake.

Siku ya tisa akamwomba Fortunée, jirani yake mwenye gari, ampeleke. Nyuma ya gari alipakia jembe, jembe la kweli, aliloagiza kwa muuza duka Mkongo wa Sharpstown, kule Houston. Majembe ya Texas yeye huyaita vijiko.

"Mais, lakini dada Clothilde, muzee alikataza!"

"Akili ya kuambiwa, changanya na yako. Ule muzee hajalima hata siku moja. Ni trekta ilikuwa inamulimia."

Akalima nusu ya kushoto, mistari imenyooka, udongo mweusi umefunguka vizuri, huku akiimba. Kwa mara ya kwanza tangu apande alikuwa na furaha. Nusu ya kulia ilinusurika kwa sababu mgongo ulimgomea.

Jumanne mvua ikaja, ile ya Texas isiyopiga hodi. Jumamosi wakarudi. Nusu ya kulia, katikati ya nyasi zilizokufa, ilikuwa imejaa vichipukizi vya kijani. Ya kushoto ilikuwa makorongo matupu, na mbegu zake zimerundikana chini kwenye uzio. Clothilde akakaa kwenye matope. Bonde lilikuwa limekwenda, na aliyelipeleka ni yeye.

"Sema ni nguruwe," Fortunée akanong'ona. "Nguruwe ya pori iko mingi huku, kila mutu analia juu yake. Atakubali."

Gari la mzee likasimama langoni. Akashuka, akatazama kwa muda, kisha akauliza mwenyewe: "Nguruwe?"

Ndiyo moja tu ingetosha. Clothilde aliisikia imefika ulimini.

"Hapana. Ni mimi."

"Najua," mzee akasema. "Nguruwe hawachimbi kwa mistari. Kwa nini lakini?"

Kiingereza kikamkimbia. Akamgeukia Fortunée. "Umwambie, mara ya mwisho nilipanda maharage kule Fizi, vita ikaja, wakatuambia tukimbie siku mbili tu, tutarudi. Sikuyaona yakiota. Kupanda na kwenda zangu, miye siwezi."

Fortunée alitafsiri hadi pale pa siku mbili, akasita, kisha akamalizia haraka. Naye pia aliacha shamba alipokimbia.

Mzee akarudi kwenye gari lake. Kisha akashusha mfuko wa mbegu na marobota mawili ya nyasi kavu. "Panda upya hapo, ufunike, uondoke. Urudi baada ya wiki tatu. Ukiweza hilo, bonde ni lako."

Angeambiwa ailime ranchi nzima angekubali upesi zaidi. Alitupa mbegu polepole, akafunika polepole zaidi, mpaka kazi ikaisha na hapakuwa na lingine ila kuondoka. Pale langoni akasimama.

"Na kama haturudi?"

"Tutarudi," Fortunée akasema, akimfungulia mlango. "Jumamosi tatu. Miye ndiye niko na gari."

Clothilde akapanda, akafunga mkanda, akafumba macho mpaka walipofika kwenye lami.